Risasi zilizoingia maji

Kila siku maelfu ya watu wanapita pale kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe. Wengi wetu tunapatumia kama alama tu ya kukutania: "Nikute Askari saa kumi." Sanamu lile la shaba lilisimamishwa mwaka 1927 na Waingereza kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Amesimama kama anayekwenda kushambulia, singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini.

Watu huuliza yule askari ni nani. Huuliza pia kwa nini anaangalia baharini. Sijawahi kusikia mtu akiuliza swali ambalo askari mwenyewe angeuliza kwanza: bunduki ina risasi? Nazo risasi zenyewe ni nzima?

Ndugu msomaji, usicheke. Historia ya nchi hii kati ya mwaka 1889 na 1918 unaweza kuisoma kwa kufuata kitu kidogo kinachoenea kiganjani, yaani risasi. Ukiifuata, utafika mahali ambapo vitabu vya shule havikufiki, kwenye karakana moja kule Moshi mwaka 1915, ambako watu walikaa kuanzia asubuhi mpaka jioni, miezi kadhaa, wakifungua risasi zilizoloa maji ya bahari na kuzijaza upya.

Lakini tuanze na neno lenyewe. Kiswahili, lugha yenye maneno kwa kila aina ya nazi, kina neno moja tu kwa vitu viwili hivi: risasi ni ile madini laini, nzito, ya kijivu, na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu. Tumelipata kutoka Kiarabu. Mvuvi wa Pangani akifunga chubwi kwenye mshipi wake anafunga risasi. Fundi betri akiyeyusha sahani za betri ya gari anayeyusha risasi. Na polisi akifyatua, anafyatua risasi.

Sababu yake haihitaji profesa. Bunduki iliyozoeleka pwani na bara katika karne ya 19 ilikuwa gobore, ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu. Mwenye gobore alimimina baruti, akaweka kitambaa au nyuzi, akatumbukiza donge la risasi, akashindilia kwa fimbo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, ambazo moto wa kawaida wa mafiga na kipulizo unazifikia. Ukiwa na chungu cha chuma na kalibu ya udongo, unayo silaha. Madini yalipokosekana, gobore halikukataa: lilikula vipande vya chuma, misumari, hata kokoto. Kasoro yake ilikuwa kwamba halikufika mbali wala halikulenga sawasawa, na mwenye kulitumia alichukua muda mrefu kulijaza tena huku adui anamkaribia.

Kitu pekee ambacho mwenye gobore la kisasa kidogo hakuweza kukitengeneza kijijini kilikuwa fataki. Simzungumzii yule mzee mwenye gari wa kwenye matangazo ya redio aliyekuwa akiwarubuni wanafunzi. Nazungumzia fataki asilia, kile kikofia kidogo cha shaba chenye unga unaolipuka kikigongwa, ambacho ndicho kinachowasha baruti. Kikombe chake ni chembamba kuliko ukucha, na unga wake unatoka kwenye maabara ya kemia, si kwenye jiko la mkaa. Shika hapo, maana fataki ndiyo itakayoamua mambo mengi mbele ya safari.

Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels. Mkataba wao tunauambiwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini ndani yake walikubaliana pia kuzuia silaha za moto, hasa bunduki mpya zenye shabaha, zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta mpaka nyuzi 22 kusini. Mlango mdogo uliachwa kwa magobore ya jiwe na baruti ya biashara. Kwa lugha nyingine, Mwafrika abaki na risasi ya kuyeyushwa jikoni. Ile inayotoka kiwandani ni ya bwana mkubwa.

Basi bwana mkubwa alikuwa na nini? Wissmann alipokuja mwaka 1889 kuwapiga akina Abushiri, na baadaye jeshi lake lilipogeuzwa kuwa Schutztruppe, bunduki iliyokuwa mabegani mwa askari ilikuwa Mauser ya mwaka 1871. Hata wakati ule haikuwa mpya. Jeshi la Ujerumani lilikuwa linaivua, na makoloni ndiyo yaliyorithi nguo kuukuu za kaka. Ilimeza risasi moja tu kwa wakati. Mtutu wake ulikuwa na upana wa milimita 11, na donge lake la risasi, bila koti la chuma, lilikuwa na uzito wa gramu 25. Nyuma yake kulikuwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Donge lile lilizungushiwa karatasi, kwa sababu risasi ni laini, na ikisukumwa kwenye mifereji ya ndani ya mtutu bila kitu cha kuikinga huacha utando wa madini, na mtutu ukichafuka shabaha inapotea.

Tofauti na gobore ilikuwa kubwa kwa jambo moja: donge, baruti na fataki vyote vilifungwa pamoja ndani ya ganda la shaba ya njano. Askari alifungua, akatia, akafunga, akafyatua. Angeweza kupiga mara nyingi kwa dakika akiwa amelala chini, wakati mwenye gobore ilimbidi asimame na fimbo yake. Ganda lile ndilo lililoiteka nchi hii. Na ganda lile halikutengenezwa na mtu yeyote upande huu wa Bahari ya Hindi.

Wahehe walilijua hilo mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi ya Mkwawa yalikifagia kikosi cha Emil von Zelewski na kuteka bunduki karibu 300. Kwenye mashairi na hotuba tunaishia hapo, tunashangilia. Lakini fikiria jambo la kila siku: bunduki ya kuteka inakula chakula kimoja tu, na chakula hicho kinapikwa Ujerumani. Kila risasi uliyopiga haikuwa na mbadala. Bunduki ya kisasa bila ganda lake ni rungu la gharama. Wajerumani walirudi, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa alipigana porini mpaka Julai 1898 alipojiua kwa risasi badala ya kukamatwa.

Halafu ikaja 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa dawa, maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya nyonyo, na habari ikaenea kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Mwezi Julai watu wa Umatumbi waling'oa pamba pale Nandete, vita vikaanza. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, kabla vita havijafika mbali. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walikwenda wazi wazi kwenye boma la Mahenge, penye bunduki mbili za rashasha. Unajua kilichotokea. Baada ya hapo zikaja njaa za makusudi, mashamba na maghala kuchomwa moto. Wajerumani walikisia waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Tumezoea kutikisa vichwa na kusema, "Wazee wetu waliamini kweli risasi itageuka maji?" Mimi nilikuwa mmoja wa watikisa vichwa. Lakini hebu tuliangalie jambo hili kama lilivyoonekana kwa mtu wa Matumbi. Baruti anaijua. Anajua kwamba baruti ikiloa, gobore haliwaki. Msimu wa mvua kila mwindaji alifunika baruti yake kama mama anavyofunika mtoto. Maji ni adui wa bunduki, hilo halikuwa ushirikina, lilikuwa uzoefu wa kazi. Kilichokuwa kigeni kwake ni lile ganda la shaba lililoziba maji yasiingie. Alikosea kuhusu ganda. Kuhusu maji na baruti hakukosea, na miaka kumi baadaye Wajerumani wenyewe wangekiri hivyo.

Agosti 1914 vita vya Ulaya vilipofika huku, Schutztruppe ilikuwa na kompania 14 na askari wapatao 2,500. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amewasili miezi michache tu nyuma yake. Sehemu kubwa ya kompania zake bado ilikuwa na ile Mauser ya 1871, bunduki yenye umri wa miaka 43. Ni sawa na kumpeleka mtu kwenye mbio za magari na gari la babu yake.

Umri peke yake haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa moshi. Baruti nyeusi inapowaka, karibu nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kuwa vumbi na masizi, na hilo ndilo wingu jeupe nene unaloliona kwenye sinema za zamani. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi, na ndani ya miaka michache majeshi yote ya Ulaya yakahamia huko. Kwa baruti hiyo mpya risasi ilikwenda kasi karibu mara mbili, kasi ambayo donge tupu la madini laini haliwezi kuihimili ndani ya mtutu, ndiyo maana likavishwa koti la metali ngumu zaidi. Milimita 11 zikashuka mpaka 8 au chini yake.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya askari wa Kinyamwezi au Kimanyema mwaka 1914, umejificha kwenye kichaka kizuri kabisa. Mwingereza ng'ambo ya pili hajui ulipo. Unafyatua mara moja, na papo hapo kichaka chako kinatoa wingu kubwa kama tanuri la mkaa. Kila bunduki ya adui inageukia pale. Yeye akipiga, wewe huoni kitu. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliuona udhaifu huo na kuulalamikia. Lakini aliyelala chini ya wingu lile alikuwa askari.

Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India kuja kuiteka Tanga. Walipigwa na jeshi la watu wapatao 1,000 (hadithi ya nyuki mnaijua), wakakimbilia melini wakaacha nyuma mamia ya bunduki za kisasa, bunduki 16 za rashasha na risasi 600,000. Kompania tatu zikavua zile za moshi na kuvaa za Mwingereza. Watu huita Tanga ushindi wa mbinu. Ulikuwa pia ushindi wa duka, maana Mjerumani alipata bidhaa asizoweza kununua.

Kwa nini asiweze? Kwa sababu meli za kivita za Uingereza zilifunga bahari. Na hapa ndipo mambo yalipogeuka. Januari 1915, Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, Wajerumani walishinda tena, lakini siku mbili zile zilikula risasi 200,000. Lettow-Vorbeck akapiga hesabu, akaona kwamba kwa akiba aliyonayo anaweza kupigana vita vya namna ile mara tatu hivi tu. Baada ya hapo, basi. Mtu aliyeitawala nchi kwa ganda la shaba sasa alikuwa mahali palepale alipokuwa Mkwawa baada ya Lugalo. Anayo bunduki, anawatu, anajua kupigana, lakini chakula cha bunduki kiko ng'ambo ya bahari, na njia imefungwa.

Ujerumani ikatuma meli. Iliitwa Rubens, meli ya mizigo ya Kiingereza iliyokuwa imekamatwa Hamburg vita vilipoanza. Wakaipaka rangi, wakaipa jina la Kidenmark, Kronborg, na nahodha Carl Christiansen akaondoka nayo Februari 1915, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Aprili ilipofika kwenye maji ya Tanga, manowari ya Kiingereza Hyacinth ilikuwa inaisubiri. Christiansen akakimbilia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku mizinga inampiga. Hapo akafanya jambo la akili. Alifungulia maji yaingie kwenye ngama, meli ikae chini mahali pasipo kina, na juu ya sitaha akaacha mbao ziwake. Waingereza waliona moshi na moto, wakajua kazi imekwisha, wakaondoka.

Mizigo ilikuwa salama na moto, ila ilikuwa majini. Kwa wiki kadhaa wapiga mbizi walishuka ngamani na kutoa sanduku baada ya sanduku: bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi. Risasi zikapelekwa Moshi, mwisho wa reli ya Usambara. (Ndiyo, bunduki za moshi, na mji unaitwa Moshi. Sikuitunga mimi.)

Mwanzoni ilionekana kama neema. Kisha zikaanza kugoma. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia polepole kwenye maganda, baruti ikaharibika, fataki zikafa, na kadiri siku zilivyopita ndivyo zilivyozidi kuharibika. Lettow-Vorbeck anaeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 kwamba hapakuwa na njia nyingine ila kuzifungua zote. Kila risasi ilivunjwa: donge litoke, baruti imwagwe na isafishwe, fataki mbovu ing'olewe na kubadilishwa. Bahati yao, humu nchini zilikuwapo fataki, ingawa za aina nyingine. Kwa miezi, kila mkono uliopatikana pale Moshi ulifanya kazi hiyo tangu asubuhi hadi usiku.

Kisha zikapangwa kwa daraja. Zile ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake, kwa kuwa rashasha ikikwama imekwama. Zile zilizotengenezwa upya na zikawa zinagoma kama 20 kwa kila 100, hizo zilihesabiwa kuwa nzuri, zikapelekwa vitani. Zilizogoma zaidi ya hapo zikawa za mazoezi.

Rudia kusoma sentensi ile ya katikati. Risasi 20 kati ya 100 hazilii, na hizo ndizo nzuri. Katika kila tano unazopakia, moja ni debe tupu. Askari anakutana uso kwa uso na mtu anayetaka kumuua, anavuta kifyatulio, anasikia "tik". Anafungua, anaitupa, anatia nyingine. Sekunde mbili au tatu. Kwenye vitabu vya mikakati sekunde hizo hazimo. Kwa aliyezisubiri zilikuwa ni uhai wake.

Na hapo ndipo ninapomkumbuka yule mtu wa Matumbi. Miaka kumi kabla yake, watu walikufa kwa maelfu wakiamini kwamba maji yatazishinda risasi za Mjerumani. Mwaka 1915 maji yalizishinda kweli. Hayakuwa ya Ngarambe, yalikuwa ya Ghuba ya Manza, na hayakupakwa kwenye kifua cha mpiganaji. Yaliingia kimya kimya kwenye ganda lenyewe. Sisemi kwamba Kinjikitile alitabiri, mimi si mtu wa mambo hayo. Nasema tu kwamba dharau tuliyofundishwa kuwaonea wazee wale haina msingi wa kutosha. Jeshi lile lile lililowacheka lilikaa miezi mizima likipigana na maji.

Tena Mjerumani alilazimika kurudi kwenye kazi ya mwenye gobore. Kukaa chini, kupima baruti, kukagua fataki, kutazama donge kama limekaa sawa. Mzungu wa kiwanda aligeuka fundi wa kijijini. Na kama fundi yeyote wa kijijini, aligundua kwamba donge la madini ndilo rahisi kuliko vyote. Fataki ndiyo inayokwamisha.

Lakini je, ni yeye aliyekaa chini? Christiansen tunalijua jina lake, alijeruhiwa na akasifiwa. Lettow-Vorbeck ana vitabu na filamu, na mitaa iliwahi kuitwa kwa jina lake kule Ujerumani. "Kila mkono uliopatikana" hauna jina. Walizishika risasi zile moja moja, mamilioni, wakivuta vumbi la baruti na madini ambayo leo kila mwanafunzi wa kemia anajua kwamba ni sumu. Hawakupewa medali. Hata katika kumbukumbu za kamanda wao ni mikono tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kila kitu kinachoitwa "ubunifu wa Wajerumani" wa vita vile. Kwinini ilitengenezwa kwa magome ya miti ya Amani, Usambara. Nani aliyamenya magome? Mwaka 1916, sarafu zilipokwisha, karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu za heller kwa mabaki ya shaba, na maganda yaliyokwisha kupigwa yakawa pesa. Nafikiri mara nyingi juu ya sarafu hizo. Kipande cha shaba kimeua mtu, kisha kimepelekwa sokoni kununua mhogo.

Meli nyingine, Marie, ilipenya Machi 1916 mpaka Ghuba ya Sudi, karibu na Lindi. Mizigo yake ilifungwa tangu Ujerumani katika mafurushi yanayotosha kichwa cha mpagazi mmoja. Hata kiwanda cha Ulaya, kabla ya kupigilia sanduku msumari, kilikuwa kimekwisha kupiga hesabu ya shingo ya Mwafrika. Hakuna aliyeiuliza shingo yenyewe.

Pole pole hata hizo zikaisha. Oktoba 1917, Mahiwa, katika vita vikali kuliko vyote vya kampeni ile, Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa. Wajerumani walishika uwanja, lakini risasi zao zisizo na moshi zilikwisha karibu zote. Kilichobaki kwa wingi kilikuwa kile kile walichoanza nacho: risasi za Mauser ya 1871, donge tupu na baruti nyeusi. Kwa hizo haiwezekani kusimama na kupigana na jeshi la kisasa. Ndiyo maana tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuivamia ngome ya Wareno ya Ngomano. Vitabu vinasema alikwenda kutafuta chakula na dawa. Alikwenda pia kutafuta risasi, akapata 250,000 pamoja na bunduki za kutosha kuwapa zaidi ya nusu ya watu wake. Tangu siku ile jeshi la Ujerumani liliishi kwa kunyang'anya.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, alipojisalimisha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, alikabidhi bunduki 1,071. Zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Pamoja nazo risasi kama 208,000, za kunyang'anya vilevile. Waliokuwa naye wakati huo ni Wajerumani 155, askari 1,168 na maelfu kadhaa ya wapagazi, wanawake na watoto. Jeshi lililoanza na kuukuu za Ujerumani lilimaliza bila kuukuu hizo.

Ninaposoma habari za vita vile, hasa zilizoandikwa na Wazungu, naona mshangao mmoja unarudiwa: kamanda mmoja na watu wachache walivyowasumbua Waingereza miaka minne. Ni kweli waliwasumbua. Ila bei haikulipwa na kamanda. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokusanywa walifika kama milioni moja, na waliokufa wanakisiwa kuwa karibu 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Soko la Kariakoo limechukua jina la kikosi chao, nasi tunakwenda pale kununua nyanya. Ugogo, majeshi yote mawili yalichukua nafaka na ng'ombe, ikaja njaa ya Mtunya, wakafa maelfu ambao hawakuwahi kushika bunduki ya aina yoyote.

Historia tuliyosomeshwa ilikuwa na maboma, majenerali na mikataba. Si mbaya. Lakini nguvu ya mkoloni, ukiitafuta ilikokaa, ilikaa mahali padogo sana: kwenye uwezo wa kutengeneza kitu ambacho wewe huwezi kukitengeneza, na kukuzuia usikipate. Bahari ilipofungwa, nguvu ile ikapwaya ndani ya miezi mitano tu, kuanzia Agosti mpaka Jasini. Iliyoishikiza isianguke ilikuwa mikono ya watu wa hapa hapa. Ndiyo iliyofungua maganda, ikakausha baruti na kuweka fataki, kisha askari wa hapa hapa wakapewa wakazipige, tano kwa moja mbovu.

Siku nyingine ukimsubiri mtu pale Askari, na kwa foleni zetu utamsubiri sana, inua macho uitazame ile bunduki. Upande wa Waingereza risasi zilitoka viwandani, hazikukatika. Upande wa pili alikuwapo kijana kama yule yule, kabila lile lile pengine, aliyelala kwenye majani huku akiiomba risasi yake iliyopita Ghuba ya Manza na karakana ya Moshi isiwe ile ya tano. Yeye hana sanamu.